Nywila Siyo Zawadi ya Mapenzi

Hebu nikuulize maswali mawili kabla hatujafika mbali. Barua pepe uliyoombea chuo, nani aliifungua? Na laini ya simu uliyoandika kwenye fomu imesajiliwa kwa jina la nani? Kama majibu yote mawili ni "mimi mwenyewe", hongera shosti, unaweza kuruka nusu ya makala hii. Kama jibu ni "mpenzi wangu", "anko" au "yule kaka wa stesheneri", basi vuta stuli, tuongee.

Mimi ni mtoto wa Katoro, Geita. Waliowahi kupita pale wanaujua mji wenyewe: vumbi, bodaboda, karasha zinasaga mawe mchana kutwa, na pesa inayokuja leo na kuondoka kesho. Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, mwezi wa saba hivi, stesheneri za Katoro, Geita mjini, Kahama na Shinyanga mjini zinafurika watoto wenye bahasha za kaki. Ndani ya bahasha kuna cheti cha kuzaliwa, namba ya mtihani na picha ya pasipoti. Kijana wa stesheneri anauliza, "Una imeli?" Hana. "Poa, nakufungulia." Anafungua, anaweka nywila anayoijua yeye, mara nyingi ile ile aliyowawekea wote tangu asubuhi, anaiandika kwenye kikaratasi. Binti anakitia kwenye pochi pamoja na chenji. Wiki mbili baadaye kikaratasi hakionekani.

Simlaumu sana huyo kijana. Anafanya kazi ambayo shule nyingi za kwetu hazikuifanya. Nchi yetu yenyewe ilianza na kompyuta kwa mguu wa kushoto: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza nchini. Marufuku iliondolewa zamani, lakini intaneti iliendelea kutegemea setilaiti, ghali na ya kinyonga, mpaka mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009. Kwa hiyo sisi wa Kanda ya Ziwa tuliijua kompyuta kama kitu cha mtu mwingine, kitu cha kulipia kwa dakika. Siyo ajabu kwamba mpaka leo mtoto anaona sawa tu akaunti yake kukaa mikononi mwa mwenye mashine.

Tatizo ni kwamba siku hizi akaunti hiyo ndiyo chuo chenyewe.

KILICHOMPATA MDOGO WANGU

Mdogo wangu huyu ni mtoto wa mama mdogo. Alimaliza kidato cha sita na kwenda JKT kwa mujibu wa sheria kama wenzake, na kambini huna nafasi ya kushinda na simu. Akamwachia mchumba wake kila kitu. Kijana mzuri tu, ana hisa kwenye karasha, na ada ya maombi alitoa yeye. Akafungua barua pepe kwenye simu yake, akaandika namba yake ya simu, akaomba vyuo viwili: kimoja Mwanza, kingine Dodoma.

Mdogo wangu akachaguliwa kote kuwili. Vigelegele!

Sasa kama hujui utaratibu, sikiliza. Zamani kidogo, kuanzia mwaka 2010, maombi yote ya shahada yalipitia mfumo mmoja wa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 unaomba moja kwa moja kwenye chuo, na unaweza kuomba zaidi ya kimoja. Ukichaguliwa zaidi ya chuo kimoja, unatumiwa namba maalumu ya siri ya kuthibitisha chuo unachokwenda. Inakuja kwenye simu au barua pepe uliyojaza. Muda wa kuthibitisha ni siku chache, na ukizembea nafasi yako iko hatarini.

Namba ikaingia kwenye simu ya mchumba. Kimya. Mdogo wangu anauliza, anajibiwa "mtandao unasumbua". Siku ya tatu jamaa akafunguka: thibitisha Mwanza, vinginevyo namba sikupi. Dodoma ni mbali, Dodoma kuna wanaume. Mwanza anaweza kukufuata Jumamosi na kurudi Jumapili.

Nilimpigia mwenyewe. "Shemeji," akaniambia kwa adabu zote, "mimi sikatai asome. Ila mapenzi gani ya kuonana mara mbili kwa mwaka?" Na unajua, sikumwona mtu mbaya. Nilimwona mtu mwenye hofu, ambaye bahati mbaya ameshikilia rimoti ya maisha ya mwenzake. Kozi aliyoitaka mdogo wangu ilikuwa Dodoma. Siyo Mwanza.

Namba ilitoka siku moja kabla ya dirisha kufungwa, baada ya mama mzazi wa kijana kumkalisha chini na kumwambia kwa Kisukuma maneno ambayo mhariri hataniruhusu kuyaandika. Wabeja sana, mayu!

MWENYE LESENI NI NANI?

Wasomaji wa Nyarugusu na Kakola watanielewa haraka hapa. Kwenye machimbo unaweza kuwa wewe ndiye uliyeingia duarani, wewe ndiye uliyetoa jasho, na mifuko ikapanda juu mingi tu. Lakini kwenye kugawana, mwenye leseni anaitwa kwanza. Hakushika nyundo hata siku moja, ila karatasi ina jina lake.

Barua pepe na laini ya simu ndiyo hiyo leseni. Ukiomba mkopo Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, unaombea mtandaoni kwa akaunti yenye nywila. Kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, mtandaoni. Kupata kontroli namba ya kulipia ada, mtandaoni. Kusajili kozi, kuona matokeo, yote humo humo. Na ukisahau nywila, mfumo unatuma ujumbe wapi? Kwenye barua pepe na simu uliyojaza siku ya kwanza. Mwenye hivyo viwili anaweza kuwa wewe saa yoyote akitaka.

WIKI YA KWANZA CHUONI

Haya, umefika. Godoro limepatikana, ndoo imepatikana, roommate anakoroma. Kabla ya kutafuta disko liko wapi, kuna mambo ya kufanya.

Ukishasajiliwa unapewa namba ya usajili, na namba hiyo ndiyo jina lako la kuingilia kwenye mfumo wa taaluma. Nywila ya kwanza vyuo kadhaa huiweka kwa kanuni rahisi, kwa mfano jina lako la ukoo. Maana yake darasa zima linaijua! Ibadilishe siku hiyo hiyo, siyo wikiendi. Na tafadhali usiweke tarehe ya kuzaliwa, wala jina la mpenzi. Chukua maneno manne yasiyohusiana, yaunganishe, ongeza tarakimu. Mimi wakati ule nilitumia vyakula vya bibi. Sikwambii vipi.

Kisha ulizia barua pepe ya chuo, ile inayoishia na .ac.tz, maana wapo wanaosoma mpaka mwaka wa tatu bila kuigusa. Mara nyingi hiyo ndiyo inayokufungulia majarida na vitabu ambavyo maktaba imelipia na mtu wa nje hawezi kuvisoma bure. Ndiyo pia inayokuingiza kwenye eduroam kwa vyuo vilivyojiunga: waifai ya wanavyuo ambayo ukiisajili chuoni kwako, inakukubali hata ukitembelea chuo kingine chenye huduma hiyo, hapa nchini au Ujerumani.

Kazi za darasani utakutana nazo kwenye mfumo unaoitwa Moodle au ndugu zake. Usiogope jina. Ulitolewa mwaka 2002, aliyeutengeneza ni Mwaustralia Martin Dougiamas, na ni wa bure ndiyo maana vyuo vingi vinautumia. Mwalimu anaweka notsi, wewe unapakia kazi yako, saa inahesabu. Ushauri wangu: usisubiri dakika ya mwisho, kwa sababu dakika ya mwisho mko mia nne na mtandao ni mmoja.

Kwenye maabara ya kompyuta, ukimaliza, toka kwenye akaunti yako. Kufunga dirisha siyo kutoka. Mwaka wetu wa kwanza kuna kijana alikuwa anakaa nyuma ya maabara akisubiri wasichana wainuke, anakwenda kusoma barua zao. Alijiita "mpelelezi". Sisi tulimwita jina lingine.

Na bumu la kwanza likiingia, mshawasha utakuwa mkubwa wa kununua laptopu. Subiri kidogo. Mwezi wa kwanza tumia maabara, ujue kwanza kozi yako inahitaji mashine ya aina gani, halafu nenda dukani na mtu anayejua, muiwashe, mchomoe chaja, mkae nayo nusu saa. Laptopu ya mtumba inayozimika ukichomoa chaja ni pasi tu.

Nyie mnaosoma kwa kubaki nyumbani, kina mama wa Katoro wenye genge na mtoto mgongoni, hamjasahaulika. Chuo Kikuu Huria kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu kama ninyi, na kina vituo mikoani, Shinyanga na Geita vikiwemo. Ila kwenu hili la akaunti ni kubwa zaidi, maana darasa lenyewe liko kwenye simu, na simu mara nyingi ni ya familia. Weka namba ya siri kwenye skrini. Baba watoto akinuna, mweleze taratibu kuwa benki pia inaweka.

"KAMA UNANIPENDA, NIPE"

Najua baadhi yenu mmeshaguna. Dada huyu anatufundisha kuficha mambo! Hapana. Mimi nimeolewa, simu yangu inakaa mezani na mume wangu anapokea ikilia. Lakini nywila ya kazi hana, na mimi yake sina. Hajawahi kukonda.

Chuoni nilimwona roommate wangu. Mpenzi wake alimsajilia kozi, akampakilia kazi, na matokeo yalipotoka akayaona yeye kwanza. Binti alikuwa na sapu mbili. Habari hiyo aliisikia kantini, kutoka kwa rafiki wa mpenzi. Alilia siku nzima, na hakulia kwa sababu ya sapu.

Anayekupenda akufundishe kubonyeza, asikubonyezee. Huo ndio mtihani wangu kwa mashemeji wote. Wapo wanaofaulu vizuri tu: nawajua wawili waliooana baada ya jamaa kumfundisha mwenzake kompyuta jioni baada ya jioni, mikono yake ikiwa mfukoni.

Mdogo wangu sasa yuko mwaka wa pili Dodoma. Na yule kijana? Bado wanaongea. Aliomba msamaha kwa njia yake, kwa kumtumia bando. Nywila hajaiomba tena.

KAMA UMESHAMPA

Usigombane kwanza. Ingia wewe, badilisha nywila, halafu nenda kwenye mipangilio uondoe namba yake na barua pepe yake ya kurejeshea, kisha toa vifaa vyote vilivyoingia. Ukiacha hatua hiyo ya mwisho, simu yake itaendelea kusoma. Kama umefungiwa nje kabisa, beba vyeti na kitambulisho uende ofisi ya udahili au ya TEHAMA ya chuo chako. Kwa mkopo, Bodi ina ofisi ya kanda Mwanza, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025 hatusubiri tena pantoni. Akikaidi, mkumbushe kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila ruhusa kuwa kosa.

Halafu piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoitambua, kabla ya kumpigia mtu kelele, nenda na namba yako ya NIDA kwenye ofisi ya kampuni ya simu, uweke kidole, waifute ukiwa unaangalia.