CHUPA YA BIBI ILIKUWA NA JINI, SI ZEBAKI!

Leo naanza kwa kujichongea mwenyewe. Mimi mtoto wa mjini, mzaliwa wa Magomeni, niliingizwa mjini mchana kweupe, kisa chupa ya udongo ya bibi yangu. Cheka taratibu, maana pengine hata kwenu ipo moja uvunguni.

Chupa yenyewe ni ndefu, ya mviringo, rangi ya kahawia, ina kimkono kidogo karibu na shingo. Bibi yangu kule Bagamoyo alikuwa akiwekea mafuta ya nazi tangu mama yangu hajavunja ungo. Siku hiyo nilikwenda kumsalimia nikiwa nimechacha vibaya, kodi ya chumba inanisubiri. Kibarazani nikakutana na njemba mmoja, shati limenyooka, maneno asali tupu. Akaigonga chupa kwa kucha, ikalia ngiii!

"Umesikia, mdogo wangu? Hii mali ya Mjerumani. Ikilia hivi ujue ina zebaki. Kuna tajiri anatoa mamilioni, ila lazima kwanza ipimwe."

Hela ya kupimia: shilingi 80,000. Bwana wee! Nikakopa, nikamtumia kwa simu. Tena nikayamwaga mafuta ya bibi ili "mali" iwe safi. Mpaka leo namba ya yule bwana haipatikani.

Kwa hasira nikaipeleka chupa kwa mshikaji wangu mmoja anayeuza vitu vya kale kwa watalii, ambaye mwenyewe hukusanya chupa za namna hiyo. Alicheka mpaka machozi. Halafu akanifundisha kuisoma.

Kwanza, ule mlio. Udongo wa chupa hizi ulichomwa tanurini kwa joto la nyuzi 1,200 hivi za Selsiasi, ukashikana na kuwa mgumu kama jiwe. Ndiyo maana hauvuji, na ukigongwa unalia kama kengele. Chungu chetu cha kupikia huchomwa kwa moto mdogo zaidi, ndiyo maana sauti yake ni nzito. Zebaki haihusiki hata kidogo! Na ile ngozi inayong'aa, yenye vipele kama ganda la chungwa, ni kazi ya chumvi. Wafinyanzi waliitupa tanurini moto ukiwa mkali, mvuke wake ukaushika udongo na kufanya utando kama kioo.

Pili, mhuri. Ya bibi imegongwa jina WYNAND FOCKINK, AMSTERDAM. Hicho ni kiwanda cha pombe cha Uholanzi kilichoanza mwaka 1679. Ndani mlikuwa na jenever, pombe kali ya nafaka ambayo ndiyo mzazi wa jini wanayokunywa watu baa. Kumbe chupa ilikuwa na jini kweli, ila si la kupunga! Mhuri mwingine unaojulikana ni wa Erven Lucas Bols, nao wa Amsterdam, wenye maneno HET LOOTSJE.

Sasa Mjerumani hayumo? Yumo, lakini kwa ufinyanzi. Chupa nyingi za Waholanzi zilifinyangwa Westerwald, Ujerumani, kwenye udongo mzuri. Huko huko zilitengenezwa na chupa za maji ya chemchemi ya Selters, na hizo mhuri wake unataja umri. Yenye jina la utawala wa Nassau ni ya kabla ya 1866, mwaka ambao Prussia iliimeza Nassau. Baada ya hapo akawekwa tai wa Prussia.

Tatu, mwili. Ukiona michirizi ya vidole inayozunguka, hiyo ilifinyangwa kwa mkono. Iliyonyooka kama bomba na laini ni ya mashine, iliyoanza kutumika mwishoni mwa karne ya 19.

Haya, bei. Jamani, chupa hizi zilitengenezwa kwa mamilioni! Za kawaida huko Ulaya huuzwa kwa euro chache tu. Waholanzi wenyewe walipomaliza kinywaji walizijaza maji ya moto na kuziweka kitandani kupasha miguu. Zinazopanda bei ni zile adimu, kama vichupa vya jini vya Uingereza vya miaka ya 1830 vilivyofinyangwa kwa sura za wanasiasa wa wakati huo.

Unataka kuanza kukusanya? Osha kwa maji ya vuguvugu tu, usisugue kwa stilwaya wala kutia asidi. Ikiwa na karatasi ya kiwanda, usiiloweke kabisa. Andika imetoka kwa nani na wapi, maana chupa isiyo na habari zake ni udongo tu. Na usiende kuchimba kwenye magofu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali cha kuchimba, na inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Zaidi ya yote, akija mtu anataka hela ya kupimia, mwambie mnunuzi ndiye alipie.

Wiki iliyopita nilimrudishia bibi chupa yake. Nikapiga shikamoo, nikakaa mkekani, nikamsimulia yote: Amsterdam, chumvi, tai wa Prussia. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akiipangusa kwa ncha ya khanga.

"Haya, mume wangu, nimesikia," akasema. "Na mafuta yangu uliyoyamwaga?"

Basi wapenzi, nina deni la 80,000 na nazi za kukuna. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!