Programu Mpya ya Nakala za Akiba kwa Wafanyabiashara wa Nyabugogo

Katika bonde la Nyabugogo nchini Rwanda, ambamo mto utokao Ziwa Muhazi hupita ukielekea mto Nyabarongo, na ambapo mabasi ya Musanze, Huye, Rubavu na Kampala huingia na kutoka mchana kutwa, tikiti ya abiria, stakabadhi ya mzigo na deni la mteja siku hizi huhifadhiwa katika seva; na kila seva yahitaji programu ya kufanya nakala za akiba, ili siku mashine itakapokufa hesabu zisife pamoja nayo. Lakini programu hiyo nayo ina ajali zake. Bei ya leseni hupanda, kampuni iliyoiunda huingia mikononi mwa nyingine, au mwenye seva huhamia mfumo ambao programu ya zamani haiufahamu, kama ilivyowatokea wengi waliouacha mfumo wa VMware na kukimbilia ule wa Proxmox baada ya kampuni ya Broadcom kuinunua VMware Novemba 2023.

Hapo mnunuzi huanza kulinganisha, na aghalabu huuliza kwanza bei na kasi ya kunakili, ilhali linalostahili kutangulia ni suala la kurejesha. Tarehe 31 Januari 2017 fundi wa GitLab, kampuni ihifadhiyo kazi za waandishi wa programu duniani kote, alifuta kwa makosa data ya kanzidata yake kuu. Zikatafutwa njia tano za akiba, ikadhihirika kuwa hakuna hata moja iliyofanya kazi ipasavyo, na kilichowanusuru ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita kabla, tena kwa shughuli nyingine kabisa. Taarifa za kushindwa kwa nakala zilikuwa zikitumwa kwa barua pepe, na barua hizo zilikuwa zikikataliwa njiani, wala mtu asizione! Kwa hiyo namsihi kila mwenye ofisi ya tikiti, kabla ya kutia sahihi mkataba, atwae seva tupu, arejeshe humo hesabu zake mwenyewe, si mfano wa muuzaji, na atazame saa: je, abiria wa sikukuu watangoja muda huo wote?

Fauka ya hayo, wahalifu wafungao data na kudai fidia huzitafuta nakala za akiba kabla ya kitu kingine. Hivyo programu njema ni ile iwezayo kuandika nakala isiyofutika mpaka muda wake uishe, na nywila yake isiwe ile ile ya seva.

Mahali pa kuweka nakala pana uzito wake pia. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, na wateja ambao akiba yao ilikuwa papo hapo walipoteza vyote. Na Nyabugogo, ambako mafuriko si jambo geni, nakala mbili zilizo chini ya paa moja bondeni ni sawa na moja. Ya pili na ipande mlimani, au ihifadhiwe kwa mtoa huduma aliye mbali, mradi mwenye biashara akumbuke kuwa Sheria Na. 058/2021 ya Rwanda, ya tarehe 13 Oktoba 2021, yataka data binafsi zihifadhiwe nchini, isipokuwa kwa mwenye cheti cha usajili kinachomruhusu kuziweka nje.

Jambo lisahauliwalo mno ni nakala za zamani. Kila programu huandika kwa namna yake, na Veeam haisomi iliyoandikwa na Bacula, wala restic haisomi ya BorgBackup. Basi anayeifuta programu ya kale siku anapoingiza mpya amezifungia hesabu za miaka iliyopita na kuutupa ufunguo. Hana budi kuziendesha zote mbili sambamba, aitunze mashine moja yenye programu ya kale pamoja na nywila za usimbaji wake, na kuiacha leseni ya programu hiyo ya kale ikome pale tu nakala ya mwisho ya zamani itakapokuwa imemaliza muda ambao sheria ya kodi inadai itunzwe.