Mwenye mifupa dhaifu aweza kufyatua bunduki kama mchezoni?

Na MWANDISHI WETU

YEYOTE aliyeucheza mchezo wa video wa Mass Effect 2, awe sebuleni mwake jijini Nairobi au katika kibanda cha michezo mjini Ukunda, Kaunti ya Kwale, ataikumbuka sehemu ya mwisho. Kamanda Shepard anakimbia kuokoa roho yake huku maadui wakimfuata kama nyuki. Mlango wa chombo chao cha angani, Normandy, unafunguka. Anayejitokeza mlangoni akiwa na bunduki si askari bali ni rubani, Jeff Moreau, aliyepachikwa jina la Joker. Anawamiminia maadui risasi hadi kamanda wake anaruka na kuingia ndani.

Kinachowatatiza wachezaji wengi ni kwamba rubani huyo ana ugonjwa wa mifupa inayovunjika kwa urahisi. Hutembea kwa kuchechemea na miguu yake ndiyo iliyoathirika zaidi. Je, mtu wa namna hiyo aweza kushika bunduki ya kivita, kuifyatua mfululizo na kubaki mzima?

Swali hilo si la mchezo tu. Ugonjwa huo upo na huzaliwa nao watoto wa kila taifa, Pwani ya Kusini ikiwemo. Jinsi watu wanavyouelewa huamua iwapo mtoto atapelekwa hospitalini mapema, au wazazi wake watasingiziwa kwamba wanampiga.

Mass Effect ni mfululizo wa michezo iliyotungwa na kampuni ya BioWare ya Canada. Wa kwanza ulitolewa mwaka wa 2007, wa pili 2010 na wa tatu 2012, kisha yote mitatu ikatolewa upya pamoja mwaka wa 2021. Watunzi waliuita ugonjwa wa Joker kwa jina la Vrolik, na jina hilo si la kubuni. Willem Vrolik alikuwa daktari wa Uholanzi aliyeeleza mwaka wa 1849 habari za mtoto mchanga aliyezaliwa akiwa na mifupa iliyovunjika mahali pengi.

<b>Fito na udongo</b>

Ili kuuelewa ugonjwa huu, msomaji na aifikirie nyumba ya udongo, kama zilivyo nyingi vijijini Kwale. Nyumba hiyo husimama kwa vitu viwili: fito zilizofungwa pamoja, na udongo uliokandikwa juu yake. Udongo huipa ugumu, lakini fito ndizo zinazoushika usibomoke.

Mfupa nao umejengwa hivyo hivyo. Madini ya chokaa ndiyo udongo wake. Fito zake ni nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni. Kwa wagonjwa wengi, kasoro huwa katika mojawapo ya jeni mbili zinazouelekeza mwili namna ya kutengeneza kolajeni. Fito huwa chache, au huwa mbovu, na mfupa hukosa mshiko.

Ndiyo sababu maziwa, dagaa na supu ya mifupa, ijapokuwa ni chakula bora, haviwezi kuuponya ugonjwa huu. Nyumba iliyokosa fito haiimariki kwa kuongezewa udongo.

Aidha, ugonjwa huu una viwango. Mwaka wa 1979 wataalamu wa Australia wakiongozwa na David Sillence waliugawa katika aina nne, na nyingine zimeongezwa tangu hapo. Wenye aina nyepesi huweza kukua kwa kimo cha kawaida, wakasoma na kufanya kazi, wakivunjika mara chache au mara nyingi kiasi utotoni. Wenye aina kali huvunjika hata kwa kugeuzwa kitandani. Kwa wengi, mivunjiko hupungua baada ya kubalehe.

Kwa hiyo jibu la kwanza kuhusu Joker ni kwamba kuwa na ugonjwa huu hakumaanishi kwamba kila mfupa ni kioo. Yeye ni mtu mzima na mikono yake ina nguvu kuliko miguu.

<b>Teke la bunduki</b>

Risasi inapotoka mbele, bunduki husukumwa nyuma. Huko kurudi nyuma ndiko kunakoitwa teke la bunduki. Ukubwa wake hutokana na uzito wa risasi ukizidishwa na kasi yake.

Tuchukue mfano wa G3, bunduki ambayo kwa miaka mingi imekuwa silaha ya kawaida ya polisi wa Kenya. Risasi yake ina uzito wa takriban gramu 9.5 na hutoka kwa kasi ya karibu mita 800 kwa sekunde. Bunduki yenyewe ina zaidi ya kilo nne, nayo hurudi nyuma kwa kasi ya takriban mita mbili kwa sekunde. Nishati inayofika begani ni karibu jouli tisa.

Jouli tisa ni kiasi gani? Ni sawa na nazi yenye maganda yake, ya uzito wa kilo moja na nusu, kukuangukia begani kutoka kimo cha sentimita 60. Mtu mzima mwenye afya hugutuka tu. Mwenye mifupa dhaifu aweza kuumia, hasa ikiwa kitako cha bunduki hakikukazwa vyema begani kikaugonga mtulinga.

Hiyo ni risasi moja. Joker anafyatua mfululizo, na G3 ikiachiwa hivyo hutoa risasi nane au zaidi kwa sekunde moja. Mateke hayo hayampi mwili nafasi ya kujisawazisha. Isitoshe, ugonjwa huu huilegeza mishipa inayofunga viungo, na bega laweza kuteguka kabla hata ya mfupa kuvunjika.

<b>Silaha za kubuni</b>

Hata hivyo, watunzi wa mchezo wana utetezi ambao huenda wengi hawakuutambua. Kwa mujibu wa maelezo ya mchezo wenyewe, bunduki za ulimwengu ule hazitumii risasi kama zetu. Hurusha kipande cha chuma kidogo kama chembe ya mchanga, kwa kasi kubwa mno.

Tufanye hesabu. Tuseme chembe hiyo ina uzito wa miligramu moja. Ili iwe na nishati sawa na risasi ya G3, ambayo ni takriban jouli 3,000, ingelazimika kwenda kwa kasi ya karibu kilomita 78 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo ingetoka Msambweni ikafika mjini Mombasa kwa muda usiofika hata sekunde moja. Lakini ukizidisha uzito wake kwa kasi yake, teke linakuwa dogo kuliko la G3 kwa karibu mara 100.

Kwa kanuni za ulimwengu wake, basi, bega la Joker liko salama. Kasoro ya onyesho lile iko miguuni. Rubani amesimama wima mlangoni bila kuegemea chochote, juu ya miguu ile ile inayomtesa tangu utotoni, huku chombo chenyewe kikiyumba.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu wa kilo 50 anapoteleza na kuanguka kutoka wima, nyonga yake hufika chini na nishati ya karibu jouli 400. Hiyo ni zaidi ya mara 40 ya teke la risasi moja ya G3. Kwa mgonjwa wa kweli, sakafu iliyolowa, msukumano katika kivuko cha Likoni, au bodaboda inayoruka mashimo ya barabara za Kinango ni tishio kubwa kuliko bunduki ambayo huenda asiishike maishani.

<b>Hali ilivyo Kwale</b>

Wataalamu hukadiria kwamba mtoto mmoja kati ya 15,000 hadi 20,000 huzaliwa na ugonjwa huu. Kwale ilikuwa na watu 866,820 katika sensa ya 2019. Kwa kipimo hicho, ingetarajiwa kuwa na wagonjwa wapatao 40 hadi 60.

Ni wachache, na uchache huo ndio msiba wao. Mtoto anapovunjika mara ya tatu bila kuanguka vibaya, jirani hunong'ona kwamba mama ana mkono mzito. Wengine husema amerogwa. Wapo wanaompeleka kwa mganga wa mifupa, ambaye huenda akaujua vyema mfupa wa kawaida, lakini kumkanda na kumvuta mtoto wa aina hii kwaweza kumvunja mahali pengine.

Zipo dalili za kuangaliwa. Weupe wa macho waweza kuwa na rangi ya samawati. Meno huweza kuwa na rangi isiyo ya kawaida na kukatika upesi. Viungo hulegea kupita kiasi. Katika ukoo huenda wakawapo watu waliovunjika mara nyingi, au waliopoteza uwezo wa kusikia wakiwa bado vijana. Lakini mtoto aweza pia kuwa wa kwanza katika ukoo wake, kwa kuwa kasoro ya jeni huweza kuanza kwake.

Mtoto mwenye dalili hizi apelekwe katika hospitali ya rufaa ya kaunti iliyoko Msambweni, au nyingine yenye eksirei na daktari wa mifupa, na mzazi aombe achunguzwe kwa ugonjwa huu badala ya kufungwa gango na kurudishwa nyumbani. Tiba ya kuumaliza haijapatikana. Zipo dawa za kuimarisha mifupa, upasuaji wa kuingiza vyuma ndani ya mifupa mirefu, na mazoezi ya viungo ambayo huipa misuli nguvu.

Nyumbani, mtoto mchanga asiinuliwe kwa kushikwa makwapani, wala asivutwe miguu anapobadilishwa nepi. Ainuliwe kwa kiganja kilichotandazwa chini ya makalio na kingine nyuma ya kichwa na mabega.

Usilolijua ni kama usiku wa kiza. Mchezo wa video umewafanya vijana wengi waujue ugonjwa ambao hata baadhi ya wazazi wa wagonjwa hawajawahi kuusikia kwa jina. Kijana aliyemwona Joker akichechemea kuelekea usukani wa chombo chake aweza kumtambua mtoto wa jirani mwenye hali kama hiyo, na kuwaambia wazazi wake kwamba ni ugonjwa, una jina, na una matibabu.