Chuo Kidogo na Mwanafunzi Mkimya

Wengi huamini kwamba mwanafunzi mkimya, hasa asiyejimudu kifedha, atafaana na chuo kidogo. Dai hilo lina ukweli, ila si wote. Mfano mwafaka ni Deep Springs, chuo kilichoasisiwa na L. L. Nunn mwaka wa 1917 katika bonde la jangwa huko California, Marekani. Wanafunzi wake, wapatao 30 tu, hawalipi karo wala malazi; badala yake hukama ng'ombe, hupika na kulima kwa takriban saa 20 kila juma. Uhuru wao ni mpana ajabu: wao wenyewe hushiriki katika kuwateua wahadhiri na wanafunzi wapya.

Hata hivyo, utulivu wa jangwa si utulivu wa darasa. Penye watu wachache hapana pa kujificha. Isitoshe, somo la kuhutubia hadhara ni la lazima. Mkimya apendaye mjadala wa kina miongoni mwa watu awajuao atastawi huko. Yule atakaye kupita bila kutambuliwa (na hilo si kosa) huenda akafaidika zaidi katika Chuo cha Berea, Kentucky, chenye wanafunzi zaidi ya elfu moja. Huko pia karo hailipwi, ila kila mmoja hufanya kazi angalau saa 10 kwa juma.