Hita Inapopuliza Baridi: Kwa Wanaopanda Nakuru Kutoka Pwani



Likizo ya Agosti inapokaribia, jamaa wengi wa Pwani hufunga safari kuwazuru ndugu zao walioko Naivasha, Gilgil na Nakuru. Mtu wa Mombasa aweza kumiliki gari miaka kumi asiiguse hita hata siku moja. Nakuru, lakini, iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za miezi hii huwa kama nyuzi 10. Ukiendelea mbele, ukaipita Salgaa na Mau Summit hadi Timboroa, unavuka mita 2,700. Huko ndiko mama aliyempakata mtoto mchanga huomba hita iwashwe, nayo ikapuliza baridi.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba hita ya gari la petroli au dizeli haina moto wake yenyewe, huazima. Maji yanayoizunguka injini ili kuipoza hubeba joto, na sehemu yake hupitishwa kwa mipira miwili hadi kwenye rejeta ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi. Feni huipulizia hewa rejeta hiyo, hewa ikatoka na joto. Kwa hiyo hita iliyopoa mara nyingi huwa inatoa habari za injini. Maji yakipungua, hewa hujikusanya katika rejeta ile ndogo, na hita hupoa kabla dereva hajaona dalili nyingine yoyote. Akipuuza, injini itamchemkia mlimani, na watoto wamo ndani.

Basi anza na maji, asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa moto: maji yaliyomo yamebanwa kwa shinikizo, na kifuniko kikilegea humrukia mtu usoni. Ukiyakuta yamepungua, usiridhike kuyajaza tu. Uliza yamekwenda wapi. Zulia la mbele likiwa limelowa, au kioo kikishika utando wa mafutamafuta kwa ndani, yamkini rejeta ndogo inavuja. Na baada ya kujaza, fundi hana budi kuitoa hewa iliyonaswa, la sivyo hita itabaki vile vile.

Maji yakiwa kamili, tazama mshale wa joto ukiwa barabarani. Usipopanda mahali pake pa kawaida hata baada ya mwendo mrefu, tatizo ni themostati, yaani kijilango kinachoyazuia maji yasiende rejeta kubwa mpaka yafikie kama nyuzi 82 hadi 88. Hapa pana ada moja ya mafundi wetu isiyonipendeza. Gari likichemka, wao hukitoa kijilango hicho na kukitupa, wakasema gari la Pwani halikihitaji. Mombasa hilo halionekani, ingawa injini hunywa mafuta zaidi na kuchakaa upesi. Nakuru huonekana siku ya kwanza. Dawa yake ni kurudisha themostati mpya, kisha kutafuta sababu hasa iliyolifanya gari lichemke.

Mshale ukiwa sawa na hita bado baridi, fundi ataigusa ile mipira miwili. Ikiwa yote ni moto, maji yanafika, na kasoro iko ndani: waya au kijimlango cha kuchanganya hewa kimekwama. Mmoja ukiwa moto na wa pili umepoa, rejeta ndogo imeziba, au vali yake imefungwa. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi wetu huyamimina ndani ya rejeta, huacha ukoko unaoziba vijia vile vyembamba. Heri dawa ya rejeta iliyochanganywa na maji safi.

Huenda pia mipira yenyewe imeunganishwa nje, hita ikarukwa kabisa. Magari yetu mengi hutoka Japani, nchi ya theluji, yakiwa na hita nzima. Hukatwa hapa hapa, rejeta ndogo inapovuja na mwenyewe hataki gharama. Kufanya hivyo kwa gari lako ni hiari yako. Kuliuza ukanyamaza ni jambo jingine: wanavyuoni wa fiqhi wamempa mnunuzi khiyari ya kurudisha kitu kilichofichwa aibu yake, na mkazi wa Nakuru aliyenunua gari Mombasa ataigundua aibu hiyo asubuhi ya kwanza ya baridi.

Jambo la mwisho ni kioo cha mbele. Pumzi za watu saba ndani ya gari lililofungwa hukitia ukungu, na katika mteremko wa Salgaa kutoona hata kwa nukta chache ni hatari. Ikiwa hita imekufa safarini, zima kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, elekeza upepo kwenye kioo na uwashe eyakondishini, kwa kuwa hiyo hukausha hewa. Wafunikeni watoto mablanketi. Lakini mshale ukipanda huku hita ikipoa, egesheni mahali salama, zimeni injini, na msiendelee mpaka ipoe na maji yakaguliwe.