NEMBO YETU NA NUKTA ZA HERUFI: TUJIFUNZE KUCHORA KWA VEKTA

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Wapenzi wanafunzi, nanyi wazazi wetu wa Mbulu, Dongobesh, Haydom, Katesh na vijiji vya jirani, katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo wengi watadhani ni la mafundi wa mjini tu. Nalo ni uchoraji wa nembo, alama na michoro kwa njia ya kompyuta iitwayo vekta. Tunalizungumza kwa sababu limetufika wenyewe.

Tulipojiandaa kwa mahafali tulitaka bango la urefu wa mita 3 lenye nembo yetu. Hatukuwa na nembo hiyo kwenye kompyuta. Tukaipiga picha kwa simu kutoka kwenye barua ya zamani, tukaituma kwa WhatsApp kwenye duka la uchapaji. Bango likaja, tukalitundika, wageni wakakaa. Ndipo mtoto mmoja wa darasa la Juzuu Amma akanyoosha mkono akauliza: "Ustadh, mbona pale pameandikwa narbiya?"

Tukatazama, tukaona haya. Neno lilikuwa tarbiya, yaani malezi. Lakini nukta mbili za juu ya herufi te zilikuwa zimeungana zikawa doa moja, na te mwanzoni mwa neno ikiwa na nukta moja huwa nuni. Mchapaji hakukosea. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa tulimpa picha isiyoweza kukuzwa.

PICHA YA SHANGA NA PICHA YA KAMBA

Mama zetu wa Kiiraqw na Kidatoga wanajua kupamba ngozi kwa shanga. Ukiitazama ngozi hiyo kwa mbali unaona mistari na maumbo mazuri. Ukisogea karibu unaona shanga moja moja, na ukingo wa umbo una ngazi ngazi. Picha ya simu imejengwa vivyo hivyo. Ni safu za nukta ndogo za rangi, ambazo mafundi huziita pikseli. Ukiikuza picha, nukta haziongezeki, bali kila nukta inakuwa kubwa zaidi.

Hebu tupige hesabu. Chukua nembo yenye upana wa nukta 300. Ukiichapa kwenye muhuri wa sentimita 3, kila milimita inapata nukta 10, na macho hayaoni kasoro. Ukiivuta nembo hiyo hiyo ifikie mita 3, kila nukta inakuwa na upana wa sentimita 1 nzima. Nafasi iliyokuwa kati ya nukta mbili za te ilikuwa ndogo kuliko nukta moja ya picha. Kwa hiyo haikuwepo tangu mwanzo, na bango lilitufichulia tu.

Sasa mtazame fundi anayechora duara la msingi wa nyumba ya msonge. Anapigilia kigingi, anafunga kamba, anazunguka. Akitaka nyumba kubwa zaidi anarefusha kamba, na duara linabaki duara. Huyu amebeba maelekezo mawili tu: kituo ni hapa, na kamba ni ndefu kiasi hiki. Hiyo ndiyo vekta. Kompyuta haihifadhi nukta za rangi, inahifadhi maelekezo ya kuchora, na kila inapotakiwa kuonyesha mchoro inauchora upya kwa kipimo kinachotakiwa.

Bendera ya Taifa letu, iliyopatikana mwaka 1964 baada ya Muungano, inaelezeka kwa njia hiyo. Kijani juu upande wa mlingoti, buluu chini upande wa pili, na katikati mstari mweusi wa mshazari wenye michirizi ya njano pembeni. Anayeyafuata maelekezo hayo na vipimo vyake ataitoa sawasawa, iwe ya mezani au ya uwanjani.

ELIMU HII SI NGENI KWETU

Ibn Muqla, waziri wa Baghdad aliyefariki mwaka 940, anakumbukwa kwa kuziwekea kanuni za vipimo herufi za Kiarabu. Kipimo kilikuwa nukta ya kalamu yenyewe. Urefu wa alif ulihesabiwa kwa nukta hizo, na duara ambalo kipenyo chake ni alif likawa kipimo cha herufi nyingine. Mwandishi mwenye kalamu nyembamba na mwenye kalamu nene wangeweza kuandika herufi zenye uwiano mmoja. Vilevile nyota ya pembe nane tunayoiona katika misikiti mingi ni miraba miwili iliyolaliana, mmoja umezungushwa nyuzi 45. Huhitaji zaidi ya rula na bikari.

Mikunjo ilipata kanuni yake ya kompyuta huko Ufaransa, katika viwanda vya magari. Paul de Casteljau wa Citroën aliifikia mwaka 1959, na Pierre Bézier wa Renault akaieneza katika miaka ya 1960, ndiyo maana inaitwa kwa jina lake. Mkunjo wa namna hii una ncha mbili na vishikio viwili. Mfikirie mtu anayepinda fito: ncha zimefungwa, naye anavuta kwa kamba mbili. Mkunjo unaanza ukielekea kishikio cha kwanza na unamalizikia ukitokea upande wa kishikio cha pili. Tumbo la nuni na mkia wa waw huchorwa hivyo.

TUANZE NA DAFTARI LA HESABU

Kompyuta ni chache na umeme hukatika, lakini daftari la miraba lipo. Mwanafunzi achore Mlima Hanang kwa pembe tatu. Kutoka pembe ya chini kushoto ya ukurasa, hesabu ya kwanza ni ya kwenda kulia na ya pili ni ya kupanda juu: (0,0), (6,8) na (12,0). Aunganishe kwa rula. Kisha azidishe kila namba kwa 2: (0,0), (12,16) na (24,0). Mlima umekuwa mkubwa maradufu na kilele bado kimechongoka. Aliyefahamu hapo ameifahamu vekta.

Akifika kwenye kompyuta, ipo programu iitwayo Inkscape, iliyoanza mwaka 2003. Ni ya bure kwa ruhusa ya waliotengeneza, kwa hiyo hatuhitaji kutumia nakala ya wizi. Kutafuta elimu kwa mali ya watu iliyochukuliwa bila idhini hakupendezi. Ikishawekwa kwenye kompyuta haihitaji intaneti. Faili zake ni za aina ya SVG, mfumo uliotangazwa mwaka 2001, na ukilifungua faili kwa programu ya maandishi utaziona namba zako mle ndani.

MAMBO YA KUZINGATIA

(a) Nembo iwe nyepesi. Ichape kwa upana wa sentimita 3, tena kwa rangi nyeusi pekee. Kama haisomeki, punguza vitu. Hanang, kitabu na nyota vinatosha, na pengine viwili tu vinatosha zaidi. Kwa kuwa wanavyuoni wengi wamekataza kuchora viumbe wenye roho, maumbo haya yanatuepusha na shaka.

(b) Alama ndogo zisaidie watu. Mahali pa udhu, pa kuweka viatu na choo cha wanawake vinaweza kuonyeshwa kwa mchoro mmoja, akaelewa hata bibi asiyejua kusoma.

(c) Maandishi ya Kiarabu yageuzwe kuwa mchoro kabla ya kupelekwa kwa mchapaji. Kompyuta isiyo na mwandiko ule inaweza kuweka mwandiko mwingine, au kuzitenganisha herufi zikasimama moja moja. Lakini bakiza nakala ya asili ambayo maandishi yake bado yanarekebishika.

(d) Hifadhi nakala tatu: SVG ndiyo asili, PDF ni ya mchapaji, na PNG ni ya kutumia kwenye simu. Usimpelekee mchapaji ile ya simu.

(e) Kuweka picha ya simu ndani ya Inkscape hakuifanyi kuwa vekta. Shanga zinabaki shanga. Ipo amri ya kufuatisha kingo za picha, lakini ikipewa ukungu itafuatisha ukungu, na doa moja litabaki doa moja. Nembo ichorwe upya kwa mkono wenye subira. Picha za watu na mandhari ziacheni ziwe picha, kazi hiyo si ya vekta.

(f) Kabla ya kuchapa, aliyechora asiwe msomaji wa mwisho. Mpeni mtu mwingine azihesabu nukta, herufi kwa herufi.

Ndugu zetu, nukta moja hugeuza herufi, na herufi hugeuza maana. Walimu wetu walituchapa vidole kwa nukta zilizokaa vibaya kwenye ubao. Haitakuwa sawa tuzilinde ubaoni kisha tuzipoteze kwenye bango mbele ya wageni.

Nembo yetu sasa inachorwa upya na wanafunzi wenyewe, wavulana na wasichana, wakianzia kwenye madaftari. Na yule mtoto aliyeuliza ndiye tuliyempa kazi ya kuzihesabu nukta. Insha'Allah mahafali yajayo mtaisoma tarbiya ikiwa tarbiya, hata mkiwa mmesimama barabarani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.