Darubini Isiyo na Kioo

Neno darubini asili yake ni Kiajemi: dur ni mbali, na bin ni shina la kitendo cha kuona. Kwa msemaji wa kawaida darubini ni bomba lenye vioo. Maana hiyo yafaa ipanuliwe, kwani chombo kiitwacho e-ASTROGAM, ambacho wataalamu wa falaki wa Ulaya walipendekeza mwaka 2016 kirushwe angani, hakina kioo cha kukusanyia nuru hata kimoja.

Sababu ni tabia ya mionzi ya gama. Chembe moja ya nuru ionekanayo kwa macho ina nguvu ya elektronivolti 2 au 3 tu. Ya gama huwa na malaki au zaidi, nayo haipindwi na kioo. Tena hewa yetu huizuia isifike chini. Ndiyo maana SAS-2, mojawapo ya vyombo vya kwanza vya kuichunguza, ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 15 Novemba 1972. (Mtangulizi wake wa 1970, aliyechunguza eksirei, alirushwa papo hapo siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, akapewa jina la Uhuru, ambalo wanafalaki hulitaja hata leo.)

Nguvu za elektronivolti milioni chache ndizo zilizo taabu kupimwa. COMPTEL, iliyofanya kazi huko kuanzia 1991 hadi 2000, iliorodhesha asili za kudumu 32 tu. Fermi, iliyorushwa 2008 na kuangalia nguvu za juu zaidi, imeorodhesha zaidi ya 5,000. Si kwamba mbingu ni maskini hapo. Hapo ndipo alumini-26, itokayo katika nyota kubwa, hutoa mwonzi wake wa elektronivolti milioni 1.809, ushahidi kwamba elementi zingali zinaundwa.

Katika e-ASTROGAM mwonzi ungeingia tabaka 56 za silikoni. Ukiwa hafifu, ungegonga elektroni, upoteze sehemu ya nguvu, kisha ukomee katika fuwele zilizo chini. Mahali pa migongano hiyo miwili na nguvu iliyoachwa huonyesha duara angani. Maduara mengi yakikatana, asili hujulikana. Mwonzi wenye nguvu zaidi ungegeuka elektroni na pozitroni, na njia zao zingeonyesha ulikotoka. Hivyo chombo kimoja kingepima tangu elektronivolti 300,000 hadi bilioni 3, na hapo ndipo ilipo thamani yake.

Hata hivyo, shirika la anga la Ulaya lilipotangaza mapendekezo matatu ya kuchunguzwa zaidi mwaka 2018, e-ASTROGAM haikuwamo. Marekani ilichagua COSI mwaka 2021, chombo kidogo zaidi kilichopangiwa kurushwa 2027. Lakini upeo wake ni elektronivolti milioni 5. Kutoka hapo hadi mahali Fermi inapoanza kuona vyema, pengo lingali wazi.